Placencia, Belize: potwe, ndoano na ndege ya kurudi

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Mimi na mume wangu tunapanga kukaa wiki moja Placencia, kijiji cha ufukweni kusini mwa Belize. Nina cheti cha kwanza cha uzamiaji na nimeshazamia Mnemba. Yeye anapenda uvuvi wa ndoano, ila naye ana cheti. Tunatamani sana kumwona potwe, yaani papa-nyangumi. Twende lini? Siku ya kuondoka ndege yetu ni ya jioni, naweza kuzamia asubuhi? Na je, mume wangu anaruhusiwa kuzamia na bunduki ya mshale?

JIBU: Nzuri, dada. Kabla ya kununua tiketi, tazama mwezi. Potwe wa Mafia hufuata vijidudu vidogo vya baharini, ndiyo maana huonekana juu ya maji kwa miezi kadhaa kuanzia Oktoba. Gladden Spit, kama kilomita 36 kutoka Placencia, anakwenda kwa sababu nyingine: kati ya Machi na Juni, changu wakubwa hukusanyika ukingoni mwa mwamba kutaga, naye huja kunywa lile wingu la mayai. Hutaga zaidi katika siku zinazozunguka mwezi mpevu, hasa baada yake. Aprili na Mei ndiyo miezi ninayoipenda. Ukifika mwezi mwandamo, utazamia vizuri tu, lakini potwe usimtegemee.

Pale Gladden utakuwa kwenye maji ya wazi, huoni chini, huna mwamba wa kukuonyesha kama unapanda au unashuka. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda Laughing Bird Caye, hifadhi ya taifa yenye maji tulivu, ujizoeze kutulia kwenye kina kimoja huku ukitazama saa yako ya kuzamia. Siku ya pili na ya tatu ziwe za potwe. Weka mbili, kwa sababu upepo ukivuma safari ndefu kama hiyo huahirishwa.

Kuzamia asubuhi na kuruka jioni, hapana kabisa. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda kutoka. Hewa ya ndani ya ndege ina shinikizo dogo, na mapovu yakijiunda kwenye damu au maungio unaweza kupooza. Kwa aliyezamia siku kadhaa mfululizo, mapumziko ni saa 18 kwa uchache. Mimi wanafunzi wangu nawaambia 24. Hesabu hadi ndege ya kwanza, hata ile ndogo ya kutoka kijijini kwenda Belize City. Chemba ya shinikizo ya kutibu mapovu hayo iko San Pedro, kaskazini, mbali na Placencia.

Hapo ndipo uvuvi unapokaa vizuri: siku mbili za mwisho ziwe za mume wako. Ajue kwamba samaki aina ya bonfishi, taponi na pemiti hulindwa na sheria tangu 2009. Akiwanasa, huwarudisha majini wakiwa hai. Leseni ya uvuvi wa burudani aulizie kwa mwongozaji mapema.

Bunduki ya mshale na mtungi wa hewa haviendi pamoja Belize. Kuvua kwa mtungi ni kosa. Kambakochi nao wamefungiwa msimu Machi hadi Juni, kwa hiyo mkiwakuta hotelini msiwaagize.