Maswali ya Wasomaji: Bunduki Kongwe za Kuwindia Mbogo

SWALI: Wazee wa safu hii, salaam. Marehemu babu yetu alikuwa askari wa idara ya wanyamapori enzi ya Mwingereza. Ameacha bunduki ya mitutu miwili, nzito kweli, na ukoo mzima unasema ilikuwa ya yule mzungu Bell wa Karamoja, akampa babu zawadi baada ya kuwinda mbogo pamoja. Kuna mtu wa Kampala anaitaka kwa bei nzuri. Nitajuaje ukweli?
*Msomaji, Masindi*

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu. Kabla ya Bell kuna polisi. Cheti cha bunduki ni cha mtu aliyeandikwa ndani yake, hakirithiwi pamoja na bunduki. Nenda kituoni mikono mitupu, utoe taarifa, umwombe afande anayeshughulikia leseni za silaha akuelekeze namna ya kuifikisha. Usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo boda. Na huyo mnunuzi wa Kampala, kama hana leseni, hata akitaja bei gani hakuna biashara hapo.

Sasa Bell. W. D. M. Bell aliwinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Idara ya wanyamapori ya Uganda ilikuja baadaye, na Kapteni Pitman aliiongoza kuanzia 1925. Babu aliyeajiriwa na idara hiyo angewindaje na Bell Karamoja? Isitoshe, sifa ya Bell ilijengwa zaidi na bunduki nyepesi ya .275 iliyotengenezwa na kampuni ya Rigby ya Uingereza, si mitutu miwili mizito, ingawa alimiliki nyingine pia. Jina lake hupandisha bei, kwa hiyo hutajwa hata pale ambapo hakufika.

Anzeni na chuma chenyewe. Mwombeni fundi wa silaha wa polisi ahakikishe haina risasi, kisha avue ule mti wa mbele chini ya mitutu, afungue bunduki na kuinyofoa mitutu kwenye bawaba yake. Chini ya mitutu, kwenye sehemu bapa karibu na chemba, pale risasi inapokaa, ndipo penye chapa za majaribio, yaani alama kwamba mtutu umepimwa nguvu. Taji juu ya herufi BP na BV ni Birmingham kati ya 1904 na 1954; taji juu ya GP zilizosukwa pamoja ni London. Taji juu ya NP maana yake ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Ukikuta ELG ndani ya duara lililochongoka kama yai, ilijaribiwa Liège, Ubelgiji, hata kama juu ya mtutu kumeandikwa jina la Kiingereza kwa mbwembwe. Na maneno NOT ENGLISH MAKE yalianza kupigwa Uingereza kwa sheria za 1925, kwa hiyo bunduki yenye chapa hiyo haikujaribiwa huko kabla ya mwaka huo.

Tafuteni namba sehemu tatu: kwenye chuma kinacholinda kifyatulio, chini ya mitutu, na kwenye chuma cha ule mti wa mbele. Zikitofautiana, mna bunduki iliyoungwa kwa vipande vya nyingine, na thamani yake kwa mkusanyaji inaporomoka. Chapa ikififia, pakeni unga wa chaki, mmulike tochi kwa ubavu, mpige picha. Msiguse msasa wala stili wulu. Wengi hung'arisha ili mnunuzi apende, na kumbe wanafuta kile ambacho mnunuzi mwenye akili analipia.

Angalieni pia alama ya mshale mpana. Hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusanisha vichwa inaonyesha serikali iliiuza. Ukiwepo mshale mmoja tu, na babu alikuwa askari wa idara, huenda alikabidhiwa kwa kazi na haikurudishwa. Mwambieni afande hivyo hivyo mlivyoikuta.

Mkishapata jina la mtengenezaji na namba, andikieni kampuni. Rigby, Holland & Holland na Westley Richards wana madaftari ya zamani, na kwa malipo hutoa barua inayotaja tarehe, kaliba (upana wa tundu la mtutu) na mnunuzi wa kwanza. Zingatieni: wa kwanza. Mara nyingi huyo ni duka au wakala. Kutoka hapo hadi Masindi mnahitaji leseni, risiti, wosia, au picha ambamo bunduki inaonekana vizuri kiasi cha kutambulika. Anwani ya kampuni iliyoandikwa kwenye bunduki peke yake haisaidii sana; Holland & Holland walikaa 98 New Bond Street tangu miaka ya 1870 hadi 1960.

SWALI: Nina leseni. Bunduki yangu imeandikwa .450 na ganda la inchi 3¼ linaingia bila shida. Naweza kutumia risasi mpya za .450 Nitro Express?
*Msomaji, Mbarara*

JIBU: Hapana, mpaka uone chapa. Kuingia si kibali. Mwaka 1898 Rigby walipotoa .450 Nitro Express, walichukua ganda lile lile la inchi 3¼ lililokuwa likitumia baruti nyeusi. Bunduki ya zamani ilibebeshwa takriban grein 120 (grein ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi na risasi ya grein 270 hadi 365. Ile mpya inasukuma risasi ya grein 480 kwa kordaiti, baruti isiyotoa moshi, na shinikizo ni kubwa mno kwa chuma kile. Mtutu unaweza kupasuka penye chemba, na mkono wako wa kushoto uko karibu hapo. Pasipo na chapa ya majaribio ya naitro (lile taji juu ya NP), itundike. Hata ikiwepo, ipimwe kwanza na fundi, maana unene wa mtutu uliosuguliwa ndani miaka mingi si ule uliojaribiwa.

SWALI: Ndugu yangu aliye Marekani ameuziwa Sharps, bunduki ya zamani ya Kimarekani, anaambiwa iliua nyati wa tambarare za kusini mwaka 1873. Juu ya mtutu imeandikwa OLD RELIABLE.
*Msomaji, Jinja*

JIBU: Chapa hiyo ilianza Sharps walipohamia Bridgeport kutoka Hartford mwaka 1876. Mtutu huo haukuwepo 1873. Atazame pia kama kuna nyota juu ya herufi PSF: hizo ni za Gardone, Italia, wanakotengeneza nakala nzuri sana za Sharps. Kampuni yenyewe ilifungwa 1881.

SWALI: Hapa nyumbani karatasi za bunduki za zamani zinapatikana wapi? Na nikitaka kuipeleka nje kwa maonyesho?
*Msomaji, Entebbe*

JIBU: Anzia kituo cha nyaraka za taifa kilichopo Wandegeya, uombe mafaili ya serikali ya himaya ya Mwingereza na ya idara ya wanyamapori. Nenda na jina na mwaka. Ukienda na hadithi tu utakaa wiki. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka eneo letu lote, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, chini ya udhibiti: bunduki za kisasa zilitolewa kwa kibali, ila magobori ya jiwe yasiyo na mistari ndani ya mtutu yaliweza kuuzwa. Ndiyo maana gobori la ukoo mara nyingi halina karatasi, na wala si kosa la mtu.

Kusafirisha nje kunahitaji polisi na idara ya makumbusho. Chunguza pia shabaha ya mbele. Bunduki nyingi za mbogo zina punje nyeupe pale ili ionekane kwenye giza la kichaka, na huenda ni pembe ya ndovu. Kama ndivyo, utahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini), la sivyo forodha wataizuia kwa punje ndogo kuliko mbegu ya mtama.

SWALI: Yangu hupata kutu kila masika ingawa naipaka mafuta.
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Fataki za zamani (kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu chini ya mafuta. Mafuta hayaiyeyushi, maji yanaiyeyusha. Mimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu, upitishe kitambaa kikavu hadi kitoke safi, uache chuma kipoe, ndipo upake mafuta membamba. Rudia kukagua baada ya siku tatu. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Ndani ya kabati la chuma isimamishe mdomo ukitazama chini, mafuta yasiteremke kwenye mti wa kitako na kuulainisha pale unaposhikana na chuma.