Sakafu kwanza, daraja baadaye: kwa wanaotaka madaraja ya abiria uwanja wa Mwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ilemela, mhitimu wa uhandisi ujenzi, aliniandikia hivi: "Kaka, Jengo la Tatu pale Dar lina madaraja ya kupandia ndege. Zanzibar yapo, Entebbe ng'ambo ya ziwa yapo. Sisi Mwanza tutakimbizana na mvua uwanjani mpaka lini? Daraja moja linanunuliwaje?"

Swali zuri, mdogo wangu, ila umeanzia mwisho. Daraja ni kitu cha mwisho kununuliwa. Wanaoanza nalo huishia kuwa na chombo cha gharama kubwa kilichokunjwa kando ya jengo, abiria wakiendelea kushuka kwa ngazi pembeni yake. Kazi inaanzia kwenye kimo cha sakafu ya jengo na orodha ya ndege zinazotua kweli. Hayo mawili yakikosewa, hakuna mtengenezaji wa madaraja atakayekuokoa.

Chukua karatasi tuhesabu. Mlango wa mbele wa Boeing 737 uko takriban mita 2.7 kutoka ardhini. Wa Airbus A320 uko kama mita 3.4, wa Boeing 787-8 kama 4.4. Dash 8-Q400, ile tunayoiita Bombardier, mlango wake uko takriban mita 1.2 tu. Sasa tuseme sakafu ya ukumbi wa kuondokea iko mita 4 juu ya maegesho. Mwinamo unaomfaa mtu wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila mita 1 ya kushuka inadai mita 12 za urefu. Kufika kwenye 737 unashuka mita 1.3, kwa hiyo unahitaji mita 15.6 za njia yenye mwinamo. Hapo hakuna shida. Kufika kwenye Bombardier unashuka mita 2.8, nazo zinadai mita 33.6. Tayari daraja limekuwa refu kuliko ndege yenyewe, ambayo ni mita 32.8.

Halafu anakuja mtu wa magari ya huduma. Anataka barabara yake ipite mbele ya jengo, chini ya kipande cha daraja kisichosogea, na gari la zimamoto lipite bila kuinamisha chochote. Anaomba mita 4.5 za uwazi. Ongeza kama sentimeta 60 za boriti na sakafu, sasa daraja linaanzia mita 5.1. Ile 737 iliyokuwa inadai mita 15.6 sasa inadai 28.8. Uamuzi mmoja wa barabara umekaribia kukuongezea urefu maradufu, na umesogeza pua ya ndege mbali na jengo kwa kiasi hicho hicho. Majengo mengi huharibikia hapa, kwa sababu msanifu wa jengo, mhandisi wa maegesho na mnunuzi wa daraja hukaa meza tatu tofauti. Ukipata nafasi ya kusema jambo moja tu kwenye kikao cha kwanza, dai mchoro wa mkato wa pembeni: jengo, barabara, daraja na ndege kwenye karatasi moja, vimo vyote vimeandikwa. Bila mchoro huo usikubali kusaini kitu.

Kuna jambo jingine ambalo halipendwi kusemwa. Kwa Mwanza, sehemu ya ndege zinazotua haziwezi kutumia daraja hata likiwepo. Precision Air wanarusha ATR, ndege ndogo za injini za panga. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma, upande wa kushoto karibu na mkia, na ule wa mbele ni wa mizigo. Daraja la kawaida haliwezi kulizunguka bawa na panga za injini kufika huko nyuma, na halipaswi kujaribu. Bombardier nayo mlango wake wa mbele hufunguka kwa kushuka chini ukiwa na ngazi zake ndani, kwa hiyo inahitaji kiungo maalumu baina ya daraja na mlango. Zinazobaki ni Airbus A220 na Boeing 737 za Air Tanzania. Hizo ndizo za kupangia daraja. Kwa ATR na Bombardier, jenga njia ya kutembea yenye paa, pana, yenye taa, itakayofika karibu na maegesho yao. Ni rahisi mara nyingi kuliko daraja, na mvua inakingwa vilevile.

Na usimdanganye mtu kwamba daraja litaharakisha safari. A220-300 ikiegeshwa mbali na jengo, abiria hupanda kwa ngazi mbili, mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kwenye daraja wote hupita mlango mmoja. Faida ya daraja ni nyingine, nayo ni kubwa kuliko dakika chache: mgonjwa anayetoka Bugando kwenda Muhimbili anapita akiwa amekaa kwenye kiti chake, bila watu wanne kumbeba ngazini huku wakiteleza. Mama mwenye mtoto mgongoni hapiti kati ya magari ya mizigo. Mimi hilo linanitosha kabisa kulitetea daraja. Lakini hilo hilo ndilo linalonifanya niseme: kabla daraja halijafika, nunueni gari la kunyanyulia wagonjwa hadi mlangoni, na likifika daraja gari hilo msiliuze, kwa sababu abiria wa ATR naye huumwa.

Nafasi ya maegesho. Ndege za kundi C, zenye mabawa ya mita 24 hadi chini ya 36, zinadai mita 4.5 za uwazi kati ya ncha ya bawa na kitu chochote. Kundi E, la mabawa ya mita 52 hadi chini ya 65, linadai 7.5. A220-300 ina mabawa ya mita 35.1, 787-8 ina 60.1. Maegesho mawili ya kundi C yakikaa pamoja, ukijumlisha uwazi wa kati na wa pembeni, yanakula mita 85.5. Moja la kundi E linakula mita 80. Umeona? Nafasi ile ile inaweza kupokea ndege mbili ndogo au moja kubwa, ukichora mistari mitatu ya kuongozea badala ya miwili. Tatizo liko kwenye urefu: A220-300 ni mita 38.7, 787-8 ni 56.7. Usipoacha hizo mita 18 za ziada nyuma, mkia wa ndege kubwa utaziba njia ya ndege nyingine. Kuziacha sasa ni kazi ya kalamu. Kuzitafuta baada ya miaka 10 ni kuvunja zege.

Ndege inayotumia daraja huingia kwa pua na haiwezi kutoka yenyewe. Lazima isukumwe kurudi nyuma. Kwa hiyo pamoja na daraja umenunua trekta la kusukumia, tena mawili, kwa sababu moja likifa ndege imefungwa pale na daraja halina kazi. Umenunua pia vyuma vya kukokotea, kila aina ya ndege na chuma chake: cha 737 hakivai kwenye A220. Haya yakisahaulika kwenye bajeti hugunduliwa wiki ya uzinduzi.

Sasa ardhi yetu. Mwanza ni jiji la mawe, na mawe hayo yapo chini ya udongo pia. Rotunda, ile nguzo ya mviringo ambayo daraja huzungukia, inabeba sehemu kubwa ya uzito na haitaki kuzama hata kidogo upande mmoja. Mpimaji udongo akichimba na kugonga mwamba mita 3 chini, hushawishika kuandika "mwamba" na kuhamisha mashine. Mara nyingi amegonga jiwe kubwa la duara lililozungukwa na udongo mlaini. Msingi ukikaa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo, rotunda itainama taratibu, na daraja litaanza kukwaruza kwenye reli zake bila mtu kujua chanzo. Agiza kila tundu lililofika kwenye mwamba liendelee mita 3 hadi 5 ndani yake, na matundu yawe zaidi ya moja chini ya kila rotunda. Wakandarasi hulalamikia gharama. Waache walalamike.

Maegesho chini ya ndege yawe ya zege. Lami huliwa na mafuta ya ndege yanayomwagika, na hulainika kwenye jua la mchana. Njia ya magurudumu ya daraja pia iwe zege, isipitwe na mfereji wenye chuma cha wavu: gurudumu lililobeba tani nyingi litaukunja. Mwinamo wa maegesho usizidi asilimia 1, nao uelekee mbali na jengo ili mafuta yakimwagika yasifuate ukuta wenye watu. Maji ya mvua kutoka maegesho yataishia upande wa ziwani, na hapo kumbuka mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hadi kuingia mialoni na kwenye nyumba za kandokando. Mdomo wa kutolea maji wa mfereji upangwe juu ya kimo kile. Ukipangwa kwa kimo cha ziwa la kiangazi, siku ziwa likijaa maji yatarudi nyuma.

Wadudu wa ziwani, wale wanaonyanyuka juu ya maji kama nguzo ya moshi, nao wahesabiwe. Taa nyeupe kali kwenye chumba cha opereta huwaita wote. Wanaziba vichujio vya viyoyozi, wanafunika vioo na vitambuzi vya umbali, na mizoga yao kwenye sakafu ya chuma inateleza. Taa za rangi ya njano, mbali na mdomo wa daraja, hupunguza sana. Vichujio vifunguke kwa mkono bila bisibisi, maana msimu wao ukifika vitasafishwa kila siku. Dhoruba za ziwani huja ghafla, kwa hiyo andika kwenye mkataba kasi ya upepo ambayo daraja hurudishwa, hushushwa chini na kufungwa kwenye ndoano za ardhini, na nani mwenye mamlaka ya kuamuru hivyo saa tisa usiku. Radi nayo inataka waya wa ardhi kwenye rotunda na kwenye mguu wa magurudumu.

Daraja likishasimama, hatari kubwa iko kwenye kitu kidogo. Ndege haitulii. Abiria wakishuka na mizigo ikitolewa, inapanda. Mafuta na mizigo vikiingia, inashuka. Kuna mkono wenye kigurudumu unaogusa ubavu wa ndege na kuliambia daraja lifuate. Opereta akisahau kuuwasha, ndege hushuka na mlango wake uliofunguka hukaa juu ya sakafu ya daraja. Bawaba zinapinda, safari imefutwa, na ndege inalala ikisubiri fundi. Ndiyo maana chini ya mlango huwekwa kiatu cha usalama: kikiguswa, daraja hujishusha. Kisiwe pambo. Kijaribiwe kila asubuhi kabla ya ndege ya kwanza.

Opereta afundishwe mpangilio mmoja, asiubadilishe kwa haraka ya mtu yeyote. Daraja liwe limerudi kwenye duara lake la rangi lililochorwa ardhini kabla ndege haijaingia. Injini zizimwe, taa nyekundu ya tumboni izimwe, kabari ziwe kwenye matairi. Hapo ndipo anasogea, anasimama kama mita 1 kabla, anasawazisha kimo, anaangalia vipimo vya kasi ya hewa vilivyojitokeza kwenye ubavu karibu na mlango, kisha anagusa polepole. Anawasha mkono wa kufuata, anashusha turubai la kuziba pengo kati ya daraja na ndege, ndipo anabisha mlango. Meneja anayemsimamia kwa saa mkononi amfundishe mtu mwingine haraka, si huyu.

Mengine kwa kifupi. Kiwango cha Marekani cha NFPA 415 kinataka daraja liwape watu dakika 5 za kutoroka moto wa mafuta chini yake, kwa hiyo kuta za vioo zinazopendwa kwenye picha zije na cheti cha jaribio. Wanaowasili wasikutane na waliokwisha kukaguliwa, hivyo pale daraja linapoungana na jengo weka milango miwili isiyoweza kufunguka pamoja.

Umeme ndio nimeuacha makusudi mwisho. Ukikatika daraja likiwa limeshikana na ndege, jenereta iwake ndani ya sekunde 15, na kompyuta ya daraja iwe na betri yake ili isisahau ilipo. Vyote viwili vikigoma, breki za magurudumu zifunguliwe kwa mkono na trekta livute daraja pembeni. Kila mtengenezaji atakuambia inawezekana. Siku ya makabidhiano, kabla ya hundi ya mwisho, leta A220 yenyewe, unganisha daraja, kisha zima umeme wote na jenereta. Waambie watu wako, si mafundi wa mtengenezaji, walitoe daraja pale. Pima muda, uandike kwenye hati ya makabidhiano. Wakishindwa, usisaini.