Kabla ya kumkataza, muulizeni anakula saa ngapi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kijana mwenye kiungulia azuiwe vyakula gani?" Swali limenigusa pabaya, maana kwetu makatazo yenyewe ndiyo yaliyokaribia kutuangamizia mtoto.

Kaka yangu ana binti wa kidato cha tatu, anasoma bweni. Likizo ya mwezi wa sita alikuja kwangu Tanga amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Nikapika wali na maharage ya nazi. Alikaa mkekani, akashika kijiko, akaanza kutoa vipande vya nyanya na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Vikaisha, akahamia kwenye vitunguu. Akanusa. Kila tonge alilisindikiza na maji, kiganja kifuani, akisikilizia kama kuna kitu kinapanda. Wanangu walimaliza, wakanawa, wakatoka nje; yeye bado.

"Kula mama, sijatia pilipili."

"Samahani shangazi, nyanya ina asidi."

Akanionyesha karatasi. Muuza duka la dawa alimwandikia pilipili, nyanya na machungwa. Jirani, aliyeshasema ni vidonda vya tumbo, akaongeza maharage na maziwa. Rafiki wa bwenini akaongeza chai na mayai. Kilichobaki ni wali mkavu na ndizi za kuchemsha, na hata hivyo vilimtia wasiwasi.

Usiku aliniamsha. Moyo unamwenda mbio, mikono ya baridi, anasema asidi imefika kooni na akilala hataamka. Tulikaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri, yeye ameegemea mito, kila akipitiwa na usingizi anashtuka na kunishika mkono.

Daktari hakuanza na nyanya. Alimuuliza shuleni anakula saa ngapi. Hapo ndipo mambo yakatoka: mchana hali, anaogopa kucheua darasani wenzake wakamcheka. Jioni anaonja tu. Prepo ikiisha, saa nne usiku, njaa imemzidi, anashindilia biskuti na juisi ndani ya chandarua kisha analala palepale. Na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, aliyoambiwa ameze nusu saa kabla ya kula asubuhi, anaimeza pale kifua kinapowaka. Daktari akamweleza kwamba umio, ile njia ya chakula toka kooni, unapokutana na tumbo kuna msuli unaobana. Ukilala umeshiba, asidi hupenya kirahisi. Tena mwenye hofu humeza hewa nyingi, ndiyo maana anacheua, na umio wake huhisi asidi kidogo kama moto mkubwa. Kwa hiyo aliogopa, akashinda njaa, akala usiku, akaungua, akazidi kuogopa.

Nimeanza barua hii nikitaka kusema kijana asizuiwe chochote. Nikikumbuka vizuri, siwezi. Chipsi zenye pilipili nyingi zilimsumbua kweli, soda vilevile, na alipoziacha alipata nafuu. Basi jibu langu ni ndiyo, azuiwe, lakini kile tu kilichoonekana kumwumiza yeye mwenyewe, si kila kinachotajwa na jirani. Kabla ya hapo arudishiwe mlo wa mchana, hata nusu sahani, na asilale mpaka saa mbili au tatu zipite tangu ale. Najua ratiba za mabweni haziruhusu kila kitu. Walimu wa zamu wanaweza angalau kumwita faraghani mtoto anayerudisha sahani kila siku, wamuulize anaogopa nini, bila kumwita mdekaji.

Wala sisemi kila kiungulia ni hofu. Anayekwama chakula kooni, anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayeendelea kukonda apelekwe hospitali upesi. Na huyo anayeamka usiku moyo ukimwenda mbio, daktari aambiwe habari hiyo pia, isiishie kwenye kifua tu.

Shangazi wa Tanga