Utendi wa baba umekwama kwenye ubeti wa 17

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, nina miaka 36 na nafanya kazi ya ukarani. Mume wangu ni nahodha wa boti ya abiria, huenda na kurudi Mokowe, ng'ambo ya bara, kutwa. Tunaishi na mavyaa wangu. Kutunga mashairi nimekupenda tangu shuleni. Marehemu babangu alikuwa mkata boriti, ile miti ya mikoko ya kujengea, na alipofariki miaka mitatu iliyopita niliazimia kumtungia utendi. Nimefika ubeti wa 17, na hapo nimekaa mwaka wa pili huu:*

*Baba mkata boriti*
*hakuogopa mauti*
*alitambua wakati*
*wa bamvua kuingia*

*Muda sina, Shangazi. Natoka kazini saa kumi na moja jioni, nakuta chakula cha usiku kinaningoja, nguo zinaningoja, na mdogo wa miaka miwili haniachi kanga. Na kila mwenye harusi huja kwangu: "Tutungie, wewe ndiye mwenye kipawa." Tangu Idi nimetunga mashairi sita ya harusi, mawili ya mahafali ya shule na moja la mwanasiasa. Nikajaribu kuamka saa tisa usiku niandike yangu. Siku ya nne nikaugua. Mume wangu si mtu mbaya, lakini aliwahi kuniambia mashairi hayajazi sufuria, na tangu siku hiyo daftari nalificha chini ya godoro. Je, niache kwanza, ningoje watoto wakue?*

*Mwana wa Mkata Boriti, Langoni*

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nahesabu. Mashairi sita ya harusi, mawili ya mahafali, moja la mwanasiasa: jumla tisa. Tuseme kila moja lilikuwa na beti tano tu, na mimi najua shairi la harusi halitoki na beti tano. Basi tangu Idi umetunga beti 45. Lau zingekuwa za babako, leo ungekuwa ubeti wa 62.

Sikukanushii kwamba muda ni mchache. Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili naijua. Lakini hesabu hii yaonyesha kwamba muda mwengine ulikuwa nao, na akili ya kutunga ulikuwa nayo, na ukavitoa vyote kwa watu. Hilo ndilo lililoniuma katika barua yako kuliko godoro na sufuria. Kipawa chako hakijalala hata wiki moja. Kimefanya kazi kwa kila mtu isipokuwa wewe na babako.

Najua utaniambia: Shangazi, nitamkataliaje mtu harusi? Mimi nami ni mtu wa pwani, najua harusi kwetu si jambo la kugeuzia uso. Mtu akikujia na furaha yake mlangoni, ukamwambia huna nafasi, neno hilo litakaa kwa watu miaka. Kwa hivyo usikatae zote; zitenganishe. Mtoto wa dada yako akiolewa, mtungie, tena mtungie kwa moyo, maana siku hiyo hairudi. Jirani wa mtaa wa tatu aliyekumbuka kipawa chako siku mbili kabla ya kupamba ukumbi, huyo mwambie hivi: "Nimeshikwa na utendi wa marehemu babangu, situngi chengine mpaka niumalize." Utaona. Hakuna mtu Lamu atakayekulaumu kwa kumtumikia babako kaburini. Wengine watakuombea dua, na watakuuliza umefika wapi, na kuulizwa huko kutakusukuma.

Mwanasiasa ni habari nyengine. Yeye ana bajeti ya fulana, ana bajeti ya vipaza sauti, ana bajeti ya boti za kuwabeba watu. Akitaka shairi, alinunue, na bei useme wewe kabla hujashika kalamu. Na shule yenye mahafali ina walimu wa Kiswahili na ina wanafunzi wanaojifunza vina na mizani darasani. Nenda siku moja uwafundishe watoto watunge lao wenyewe. Hapo utakuwa umetoa zaidi ya shairi.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, la kungoja watoto wakue. Hilo nalijibu kwa yaliyonipata mimi.

Ujanani nilikuwa nikidarizi kofia. Kofia nyeupe za mkono, wazijua, zile zenye matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi moja moja, na ambazo moja yake hukula miezi. Mwaka nilipomzaa kifungua mimba wangu nilikuwa na kofia ya kakangu nimeifikisha nusu. Nikaiviringisha nikaitia kikapuni, nikasema mtoto akianza chuo cha Kurani nitaimaliza. Akaanza chuo, akafuata mwengine, akafuata mwengine. Sikuwa mvivu siku hata moja. Siku niliyokifungua tena kile kitambaa ilinibidi nimwite mjukuu anitungie uzi kwenye sindano, kwa kuwa tundu silioni. Vidole vingali vyakumbuka kazi yote. Macho ndiyo hayapo. Kakangu mpaka leo huvaa kofia za kununua. Usingoje, mwanangu. Watoto watakua, hilo ni kweli, lakini na wewe pia utakuwa mtu mwengine wakati huo, na wale wanaomjua babako hawatakuwapo.

Kuamka saa tisa usiku, acha kabisa. Mwenye mtoto mdogo halipi deni kwa usingizi wake. Siku nne ulizoweza ni nyingi, na ugonjwa ule ulikuwa mwili wako ukikwambia lililo kweli. Tena wewe waandika utendi, na utendi ndio utungo unaochukulika kuliko zote. Angalia umbo lake: kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, ubeti una vipande vinne, vitatu vyafuata kina kimoja na cha nne charudi kwenye bahari, kile kina kimoja cha utendi mzima. Ubeti mzima ni mizani 32. Mtu aweza kuubeba kichwani kutwa kama mtu abebavyo funguo. Wakongwe wetu wengi walibeba beti kichwani kabla hazijafika kwenye karatasi, na mizani ile ya nane kwa nane ndiyo iliyozishika zisianguke.

Basi bebea njiani. Kutoka ofisini mpaka Langoni waipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kila jioni, wapisha punda, waamkiana na watu, na katikati ya hayo kuna dakika kumi ambazo miguu yaenda yenyewe. Asubuhi ukisha kuamka chukua kipande kimoja tu, kile cha kwanza. Vitatu vilivyobaki vitafute njiani na jikoni, unakanda unga wa mahamri huku vidole vyahesabu. Usiku kabla ya kulala, useme ubeti wako kwenye simu kwa sauti, uurekodi, ulale. Usiuandike wala usiurekebishe usiku huo.

Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa, na hakuishi sana baada yake. Utendi ule una beti mia moja na mbili. Sisemi aliutunga ubeti mmoja kwa siku. Alivyoutunga ajua yeye. Nakuhesabia wewe tu: ubeti mmoja kwa siku, beti mia moja na mbili ni miezi mitatu na siku chache. Ukikosa nusu ya siku kwa homa ya mtoto na wageni, ni miezi saba. Wewe umekaa mwaka wa pili sasa kwenye mmoja.

Hata hivyo kuna kazi moja isiyofanyika njiani, nayo ni kukaa na daftari, kusikiliza ulichorekodi, kufuta, kupanga. Hiyo yataka kikao, na kikao chataka siku yenye jina. Usimwambie mumeo "nataka muda wangu." Neno hilo halina umbo, na kila mtu aweza kulitia jambo jengine ndani. Mwambie: "Jumamosi baada ya alasiri mpaka magharibi ni utendi wa baba." Saa mbili, mara moja kwa wiki. Watoto wawili wakubwa wapelekwe ufukweni kwenye upepo, mdogo akae na nyanya yake. Jumamosi isipowezekana kwa boti yake, itakuwa siku nyengine, lakini iwe moja, na nyumba nzima iijue kama wanavyojua siku ya kufua.

Na daftari litoe chini ya godoro leo hii. Kitu kinachofichwa, watu wa nyumbani hudhani ni cha aibu, na mwenyewe naye huanza kudhani hivyo.

Kuhusu mumeo, mimi simlaumu sana kwa neno la sufuria. Jiulize kwanza: je, amewahi kuusikia? Katika barua yako sioni popote umemsomea. Amesikia mashairi ya harusi za watu, ameona ukichelewa kulala kwa ajili ya mwanasiasa aliyekwenda bila asante, akasema alilosema. Usiku mmoja mkiwa peke yenu, msomee beti zote 17. Kisha muulize swali ambalo yeye ndiye mwenye jibu: boti iliyojaa boriti huelea vipi, hutokaje kwenye kijito maji yakianza kutoka, nahodha hutazama nini? Ubeti wako wa 17 umeishia kwenye bamvua, yale maji makuu. Umekwama hapo kwa sababu umefika mahali ambapo wewe hukuwahi kufika, na mumeo kila siku yuko majini. Mpe nafasi ndani ya utendi, naye hatauita sufuria tena.

Lakini hata nahodha wa Mokowe hajui yote aliyoyajua babako. Hapa ndipo nataka uwe na haraka, mwanangu, haraka kuliko ya kutafuta muda. Hesabu wenzake waliobaki, wale waliolala naye kwenye mikoko wiki nzima mashuani, wakapika pamoja, wakaumwa na mbu pamoja. Wako wangapi? Wawili? Watatu? Serikali ilipopiga marufuku boriti kuuzwa nje mwaka 1982, majahazi ya Arabuni yakaacha kupakia, na ilipokataza kukata miti mwaka 2018, mashoka yakawekwa pembeni, nyumba nyingi zikakosa riziki. Marufuku hizo ziko kwenye karatasi. Namna mzee alivyoutazama mkandaa, mmoja wa mikoko, akajua huu ni wa mazio, miti myembamba kuliko boriti, na ule uacheni, hiyo haiko kwenye karatasi yoyote. Iko kwenye vichwa vya wazee wawili watatu waliokaa barazani sasa hivi unaponisoma.

Nenda kwao na mwanao mkubwa. Chukua tende na kahawa. Waulize majina ya mikoko: mkoko, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, upi waliukataa na kwa nini. Waulize unene wa miti, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ulipimwaje bila futi, kwa kiganja au kwa jicho. Waulize nani alikuwa akihesabu korija, maana ishirini ishirini zile lazima kulikuwa na mtu mwenye sauti yake ya kuhesabia. Waache waseme Kiamu chao, Kiswahili cha Lamu, na wewe uandike Kiamu. Kama baba alisema *mato*, usimbadilishie ukaandika macho kwa sababu ya mwalimu wa shule. Kama alisema *yeo* kwa leo, iwe yeo. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, yule mshairi, mtoto wa Matondoni, mlango wa utunzi alifunguliwa na nyanya yake. Mwanao atakayekuwa kando yako akisikiliza wazee wale na baadaye akisikia ukirudia mizani jikoni, yeye naye atakuwa ameanza, na wala hutakuwa umemchukulia muda wake wa kuwa na mama.

Kwa mavyaa wako nina neno moja. Umemtaja kana kwamba ni mzigo wa pili juu ya watoto. Mwanamke wa umri wake, wa mji huu, amesikia nyimbo na tenzi ambazo mimi na wewe hatutazisikia. Muombe akusikilize ubeti ukiwa wakoroga mchuzi. Kina kikilegea atakwambia kabla hujamaliza.

Ubeti wako wa 17 ni mzuri. Nimeusoma kwa sauti hapa nyumbani, mizani imetimia na *mauti* imekaa mahali pake bila kelele. Usiurekebishe tena. Umeshamfikisha babako kwenye mlango wa kijito, maji yamejaa, shoka liko mkononi. Ubeti wa 18 ateremke mashuani, matope yamfike magotini, na mti wa kwanza aukate. Kesho asubuhi beba kipande chake cha kwanza kichwani uende nacho kazini, na Ijumaa, watu wakisha kuswali, kamtafute mzee wa kwanza.