Jibu: Ohio State wamepoteza wanne wa mbele, ulinzi utasimama kweli?

Salama ndugu. Umeuliza, kabla msimu wa 2025 haujaanza, kama ulinzi wa Ohio State, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, utaporomoka, maana Sawyer, Tuimoloau, Williams na Hamilton, mstari wa mbele mzima, wameenda NFL, ligi ya kulipwa, na kocha wa ulinzi Jim Knowles kahamia Penn State.

Usianze na hao wanne. Angalia nyuma yao kwanza. Caleb Downs, beki wa nyuma, bado yupo msimu wa 2025, kwa sababu NFL haimchukui mtu kabla ya miaka mitatu tangu amalize sekondari. Nilipohamia Columbus, mji wa timu hii, nilikuwa nafuata mpira tu kwa macho, sioni kitu. Siku hizi, kabla mpira haujaanzishwa, namtazama yeye: akisogea hatua mbili mbele, mara nyingi kashanusa kwamba wapinzani watakimbia na mpira badala ya kuurusha. Mbele yake yupo Sonny Styles, naye alikuwa beki wa nyuma hadi aliposogezwa katikati mwaka 2024, kwa hiyo mbio anazo.

Mbele kabisa ndiko kwenye kazi. Kayden McDonald pale kati ni jiwe, kilo zaidi ya 140, hapo hapapitiki kirahisi. Ila pembeni, Curry na Jackson wanatakiwa kumfikia mrushaji, na hilo siliapii. Matt Patricia, kocha mpya wa ulinzi aliyemrithi Knowles, katokea NFL; ajue tu hawa ni vijana wa chuo, asiwajaze mafumbo.

Tarehe 30 Agosti 2025 wanaanza na Texas ya mrushaji Arch Manning. Hesabu mara ngapi anarusha kasimama wima, hajaguswa. Zikizidi, njoo unicheke hapa.