Ndege ya kujijengea: chuma, mbao au alumini? Jibu la aliyejenga moja gereji kwa miaka sita

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una karakana ya kuchomelea Morogoro, una injini ya pikipiki ya cc 600 imekaa tu, umechora mwenyewe ndege ya viti viwili, na unachouliza ni kitu kimoja: fremu iwe bomba za chuma, mbao au alumini? Ukamalizia kwamba hata ndugu wa Wright walikuwa mafundi baiskeli tu. Najibu kwa urefu kwa sababu na mimi niliwahi kuuliza hivyo hivyo, nikajibiwa maneno mawili: "acha utani".

Mimi ni fundi wa malori, mzaliwa wa Tanga, naishi Ohio karibu na Dayton, mji wa hao hao Wright. Ndege yangu ni Zenith CH 750, viti viwili, bawa la juu, alumini, injini Rotax 912 ULS ya hp 100. Miaka sita gereji, na mke wangu akaegesha gari nje theluji zote sita.

Hoja ya Wright kwanza, maana inawapoteza wengi. Mafundi baiskeli kweli walikuwa. Lakini kabla ya kuruka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903 walikuwa wameshajenga glaida (ndege isiyo na injini) mwaka 1900, nyingine 1901, nyingine 1902. Ile ya 1901 haikubeba kama hesabu zilivyosema, wakarudi Dayton wakatengeneza sanduku la kupuliza upepo na kupima humo maumbo ya mabawa yapatayo 200. Injini ilikuja mwishoni. Fundi wao Charlie Taylor aliiunda kwa wiki kama sita, hp 12 tu. Wewe umeanzia walipomalizia wao. Injini unayo, sasa unaitafutia ndege.

Na hiyo injini ndiyo ingenitia wasiwasi kabla ya fremu. Chukua propela ya kipenyo cha mita 1.8. Ukiizungusha mara 2,700 kwa dakika, ncha yake inakwenda kama mita 254 kwa sekunde, hapo sawa. Ukiizungusha mara 5,800, ncha inapaswa kwenda mita 547 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe inakwenda kama 340. Ncha ikishaipita sauti, nguvu inaishia kwenye kelele, ndege haisogei inavyopaswa. Ndiyo maana Rotax, ambayo inafika hizo 5,800, imefungwa gia boksi ya 2.43 kwa 1, propela ikabaki na mizunguko kama 2,390. Pikipiki ya cc 600 inapata nguvu zake juu kabisa, mara nyingi zaidi ya mizunguko 10,000. Kwa hiyo unahitaji gia boksi ya kupunguza mwendo, na gia boksi ya kujitengenezea inayokabiliana na mitetemo ya propela ni mradi mwingine mzima, pengine mgumu kuliko ndege.

Halafu pikipiki barabarani inapewa mafuta sekunde chache, mtu anaachia, anakata kona, anasimama kwenye mataa. Ndege inapanda kwa nguvu zote dakika kadhaa mfululizo, kisha inakwenda robo tatu ya nguvu saa nzima bila kupumzika. Nimefungua injini za malori zaidi ya miaka ishirini, najua joto la mfululizo linafanya nini kwenye pistoni. Ongeza na mwinuko: injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo hp 100 za Dar pale zimebaki kama 86, na mchana wa jua kali ni pungufu zaidi.

Sasa fremu. Bomba za chuma zinafaa, ndege nyingi nzuri zimejengwa hivyo, Kitfox mojawapo, na fundi wa kuchomelea kama wewe ungejiona nyumbani. Ila siyo bomba za mageti. Ni chuma cha kroma-molibdeni, 4130, chenye kuta nyembamba kiasi kwamba mkono uliozoea mageti utazitoboa siku nzima ya kwanza. Ukitumia bomba za kawaida kwa unene ule ule zitakubali kupinda mapema; ukiongeza unene, umeongeza kilo. Juu yake unavalisha kitambaa cha poliesta, unakipitishia pasi kinajikaza kama ngozi ya ngoma.

Mbao usiidharau. Ila inayotakiwa ni spurusi, mbao ya miti ya nchi za baridi, nyepesi na nyuzi zake zimenyooka. Mninga wetu ni mzuri kwa kitanda, lakini una uzito kama mara moja na nusu ya spurusi. Na unyevu wa pwani na gundi ni jambo la kulifikiria kabla, siyo baada. Fiberglasi juu ya foamu, kama Long-EZ ya mbunifu Mmarekani Burt Rutan, inatoa ndege laini na yenye kasi, ila resini inayoishikilia hulegea kwenye joto. Ndiyo sababu unaziona nyeupe karibu zote. Kwa jua la Dodoma sitakuambia uipake nyeusi hata kama inapendeza.

Mimi nilichagua alumini kwa sababu mbili, na hakuna hata moja inayohusu ubora wake. Ya kwanza, najenga peke yangu usiku nikitoka kazini. Ndege nyingi za kiwanda cha Van's zinafungwa kwa riveti za kugonga, mmoja anashika bunduki ya hewa, mwingine anakinga kwa kipande cha chuma upande wa pili. Mtu wa pili sikuwa naye. Zenith inatumia riveti za kuvuta, upande mmoja unatosha. Ya pili, kiwanja nilichoruhusiwa kutumia ni cha mkulima, majani, mita kama 400, mvua ikinyesha ni tope. RV-9A, mojawapo ya hizo za Van's, ingenipa karibu mara mbili ya mwendo wangu, na nilipoikalia mara moja nilitaka kuuza gari. Lakini CH 750 inaruka polepole mpaka karibu km 56 kwa saa kabla bawa halijakataa kubeba, na kwenye kiwanja kile hilo ndilo lilikuwa muhimu. Kwa hiyo mkuu, kabla ya kuuliza chuma au mbao, tuambie utapaa wapi, utabeba nani, na nani atakushikia upande wa pili.

Kuhusu kuchora mwenyewe: nunua michoro ya mtu. Nakusihi kabisa. Bawa la ndege ya kilo 600 likilazwa digrii 60 kwenye kona linabeba kilo 1,200, na wanaobuni ndege za kawaida wanaihesabia iweze kubeba mara 3.8 ya uzito wake, kisha juu ya hapo wanaweka akiba ya nusu nzima. Chris Heintz aliyebuni CH 750 alikuwa mhandisi kwenye mradi wa Concorde kabla hajaanza kuchora hizi ndogo. Mimi kwa mahesabu ya form four nikaona nimwachie.

Kiwanda cha Zenith kiko mji unaoitwa Mexico, jimbo la Missouri. Nilipompigia mama kumwambia naenda Mexico kuanza ndege, alinisomea dua ya kuvuka mpaka. Wana semina ya siku mbili, mnajenga usukani wa mkia tu, unaondoka nao kwenye gari. Ni wazo zuri hata kwa wewe uliye mbali: anza na usukani. Ukikushinda, umepoteza shiti chache.

Mimi usukani wa kwanza ulinipendeza, nikaota mapembe. Kipande kilichofuata, mbavu ya mkia, nilitoboa matundu 11 milimita nne tu kutoka ukingoni. Kanuni ni kwamba katikati ya tundu pawe mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti. Riveti ya milimita 3.2 inataka 6.4. Nilikaa na kile kipande jikoni siku mbili nikijishawishi kwamba kinatosha. Kisha nikakikata kwa mkasi wa bati ili nisije nikabadili mawazo, nikaagiza kingine.

Shiti zenyewe ni alumini aina ya 6061-T6, ambayo haishambuliwi sana na kutu. Ile 2024 ina nguvu zaidi ila bila kufunikwa alumini safi chumvi inaitafuna, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Na tafadhali, bati la alumini la kuezekea siyo hiyo. Linafanana kwa macho tu.

Kilichonigharimu zaidi ya yote ni meza. Bawa linajengwa mezani, na meza ikipinda, bawa linapinda nayo, na ukishafunga riveti mia kadhaa hakuna kurudi. Meza yangu ilikuwa ya mbao, futi 12 kwa 4. Nilipima kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe wa mafundi ujenzi wetu, unaujaza maji unasoma ncha mbili. Jirani zangu wana levo za leza, walicheka, kisha wakaja kuazima. Bawa la kulia likatoka limenyooka. La kushoto nikalianza Januari, gereji haina joto, mbao ikawa imejikunja kwa baridi, na mimi sikupima tena. Shika hapo, nitarudi.

Uzito. Hapa ndipo nilipojiangusha mwenyewe. Kiwanda kinasema CH 750 tupu ni kama kilo 352. Niliiweka juu ya mizani tatu, moja kila gurudumu, ikasoma 376. Kilo 24 zimetoka wapi? Zulia, viti vya ngozi, redio ya pili, rangi mikono miwili ya juu pale ambapo mmoja ungetosha, vifuniko vya magurudumu ambavyo tope la kwanza tu lilivijaza. Hakuna kimoja kilichozidi kilo chache. Nilikuwa naisajili kwa uzito wa juu wa kilo 600, maana leseni yangu ya ndege nyepesi wakati ule iliishia hapo. Toa 376, zinabaki 224. Matangi yakijaa lita 91 ni kama kilo 65. Zinabaki 159 kwa watu wawili na mizigo. Mimi nina 92. Hesabu mwenyewe nani anabaki chini na begi lake, na mimi ndiye niliyelazimika kumwambia. Zulia na viti vya ngozi nimeshatoa. Rangi siwezi.

Mizani hizo tatu ndizo zinazokuonyesha pia kitovu cha uzito kiko wapi. Kikienda nyuma mno, pua inainuka na elevata, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, haina nguvu ya kuishusha. Betri yangu nilihamisha mara mbili kabla ya kuridhika.

Sheria nitapita haraka. Huku Marekani FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inataka zaidi ya nusu ya kazi uwe umeifanya wewe au wajenzi wenzako wasio wa biashara, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, kisha mkaguzi anakuja, kisha mimi nilipangiwa saa 40 za majaribio eneo lililowekewa mipaka, bila abiria. Huko nenda TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla hujanunua hata bolti. Wale vijana tunaowaona kwenye habari wakizuiwa wasiruke wakukumbushe: ukienda ndege ikiwa imeshamalizika, mkaguzi hawezi kuona kilichofunikwa ndani ya bawa.

Umeuliza pia kama niliogopa siku ya kwanza. Niliogopa kabla. Nilipaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo haupo, na baada ya hapo sikuwa na nafasi ya kuogopa kwa sababu ndege ilikuwa inavuta kushoto. Siyo sana. Ukiachia mkono inainama polepole, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Nilizunguka kiwanja mara tatu nikiwa nimebonyeza fimbo kulia, nikatua, nikaenda moja kwa moja gereji na mpira wangu wa maji. Meza ilikuwa imepishana karibu sentimita moja kona kwa kona. Fimbo za kurekebisha flaperoni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege, ndizo ziliniokoa: mizunguko miwili ya ncha upande mmoja, na sasa inakwenda wima.

Ukifika hatua ya meza, uliza tena hapa. Na kama 6061 inapatikana Dar siku hizi, niambie bei ya shiti moja, kuna mdogo wangu Tanga ananisumbua.