Maswali ya Maabara: Rangi ya Bromini Imekwenda Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nasomesha kemia skuli moja hapa Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne walitia maji ya bromini kwenye heksani na kwenye saiklohekseni, wakatikisa. Maji yaliyo chini yalipoteza rangi kwenye testityubu zote mbili. Nusu ya darasa wameandika kwamba heksani nayo ni haidrokaboni (kampaundi ya kaboni na haidrojeni tu) isiyoshiba, yaani yenye kifungo maradufu kati ya kaboni zake. Niwaeleze vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Wanafunzi wako wameangalia tabaka la chini, la juu wakaliacha. Heksani ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo, kwa hiyo hukaa juu. Bromini huyeyuka vizuri zaidi ndani ya heksani kuliko ndani ya maji. Mkitikisa, bromini inapanda: maji yanapauka na heksani inageuka rangi ya chungwa. Bromini ni ile ile, imehama tu. Kwenye saiklohekseni matabaka yote mawili hubaki bila rangi, kwa sababu bromini imejiunga na kaboni mbili zenye kifungo maradufu na haiko huru tena. Basi wafundishe kuandika rangi ya kila tabaka peke yake, la juu na la chini, kabla hawajaandika hitimisho.

Rudieni jaribio hivi. Chukueni testityubu tatu safi na kavu, kila moja itiwe mililita 2 za maji ya bromini yaliyozimuliwa mpaka rangi yake ni chungwa hafifu. Ya kwanza itiwe matone 5 ya heksani, ya pili matone 5 ya saiklohekseni, ya tatu matone 5 ya maji matupu. Hiyo ya tatu msiiache hata siku moja, maana bila yake hamjui rangi imepungua kwa sababu ya kitu mlichotia au kwa sababu bromini imefuka ikaondoka. Tikiseni kwa nusu dakika, kwani vimiminika visivyochanganyika hukutana pale mpakani tu, na asiyetikisa anaweza kusema alkeni (haidrokaboni yenye kifungo maradufu, kama saiklohekseni) haikufanya kitu. Kisha simamisheni testityubu kwenye kishikio mpaka matabaka yajitenge, ndipo msome.

Msizibe kwa kidole gumba, bromini inaunguza ngozi. Wala msizibe kwa kizibo cha mpira. Mpira wa asili una vifungo maradufu tele, na wenyewe unakula bromini. Shikeni testityubu juu, mgongegonge chini kwa kidole cha mkono wa pili. Fanyeni kazi penye hewa ya kutosha, na miwani ya kinga iwe machoni.

Jua nalo liangalieni. Maabara nyingi zetu zina madirisha makubwa, na meza ya pembeni hupigwa na jua la mchana. Mwanga mkali huivunja bromini, nayo ikaanza kuchukua nafasi ya haidrojeni kwenye heksani. Rangi hupotea taratibu hata kwa haidrokaboni iliyoshiba. Alkeni hupoteza rangi papo hapo, hata kivulini. Kwa hiyo fanyeni jaribio mbali na dirisha, msome matokeo mara matabaka yanapojitenga. Testityubu iliyosahauliwa juani mpaka baada ya mapumziko haina ushahidi wowote.

Bromini ikiwa haipatikani, pamanganeti ya potasiamu inatosha. Yeyusheni gramu 0.16 kwenye lita 1 ya maji. Chukueni mililita 1 ya maji hayo, ongezeni mililita 1 ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kisha matone 5 ya sampuli, mtikise. Alkeni huondoa zambarau, heksani huiacha. Mkisahau asidi mtaona mashapo ya kahawia, nayo ni manganizi dioksidi. Hilo si kosa, bado ni dalili ya kutoshiba. Ila pamanganeti haichagui sana: ethanoli huipotezea rangi, na salfa dioksidi pia. Wanaotengeneza etheni kwa ethanoli na asidi kali ya salfuriki lazima wapitishe gesi kwenye sodiamu haidroksidi kwanza, la sivyo watakuwa wamepima salfa dioksidi wakidhani ni etheni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Makunduchi. Tumeambiwa isiyoshiba huwaka kwa moshi mweusi. Mbona mshumaa unatoa moshi, na mshumaa ni alkani, yaani haidrokaboni iliyoshiba?

JIBU: Umeona sawasawa, mwanetu. Moshi hutegemea kiasi cha kaboni na hewa inayoufikia moto. Kwa uzito, heksani ina kaboni kiasi cha asilimia 84, saiklohekseni asilimia 88, benzeni asilimia 92. Nta ya mshumaa ina kama asilimia 85, na utambi ukiwa mrefu hewa haitoshi, moshi unatoka. Chukua moto kama dokezo la kwanza, uamuzi uuache kwa bromini. Na hiyo benzeni, ingawa haikushiba, haipotezi rangi ya maji ya bromini, kwa kuwa elektroni zake zimesambaa kwenye pete nzima. Isitumike skuli, inasababisha saratani.

SWALI: Chake Chake hapa mafuta ya karafuu hayatupigi chenga. Yanafaa kuwa sampuli isiyoshiba?

JIBU: Rangi ya bromini itapotea, lakini hamtajua nani kaipoteza. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ya makonyo (vijiti vya karafuu) pia, ni eujenoli, C₁₀H₁₂O₂. Ina oksijeni, kwa hiyo si haidrokaboni. Ina kifungo maradufu kwenye mkia wake, kweli, lakini pete yake ya fenoli (pete kama ya benzeni yenye kundi la OH) nayo hushika bromini bila kusubiri.

Tumieni maganda ya machungwa. Mafuta yake karibu yote ni limoneni, C₁₀H₁₆, haidrokaboni halisi yenye vifungo maradufu viwili. Kwangueni ganda la nje la machungwa mawili, ile nyama nyeupe iacheni. Tieni kwenye chupa ya kukenekea pamoja na mililita 100 za maji na vipande vya kigae visaidie mchemko usirukeruke. Chemsheni kwa moto wa wastani mpaka mkusanye mililita 50. Moto ukizidi, povu la maganda litapanda mpaka kwenye kipoozeo na kuchafua mkusanyo. Mafuta yataelea juu, kidogo sana, kwa hiyo kusanyeni kwenye chombo chembamba, myavute kwa dropa. Matone mawili yanatosha. Kwa upande wa iliyoshiba, nunueni parafini ya maji kwenye duka la dawa, ile ya kulainisha choo: ni alkani, na ina usalama zaidi kuliko heksani inayoshika moto upesi. Mafuta ya taa hayafai kwa kulinganisha, kwani huwa yamechanganyika na haidrokaboni za pete.